Dripu ya mama siyo feki

Zuhura shoga yangu,

Vois yako nimeisikiliza mara mbili, ya pili nilikuwa kwenye daladala machozi yakanitoka. Yaani mama amegoma dripu ya saratani ya matiti kisa chupa ina jina jingine, bei imeshuka zaidi ya nusu, na jirani kamwambia ni feki! Zuhura, siyo feki, naomba mama arudi.

Panadol kiwanda chochote kikitengeneza inatoka ileile maana ni kitu kidogo, atomu 20 tu, ila hiyo trastuzumab, dawa iliyo kwenye dripu ya mama, ina atomu zaidi ya 20,000 na wanaoitengeneza ni seli hai, seli za hamsta, kale kamnyama kama panya, zilichukuliwa kwa hamsta mmoja 1957 huko Marekani na mpaka leo zinazaliana, zinalishwa kwenye matangi, zinatoa protini, inachujwa ndo inakuwa dawa. Sasa kitu cha uhai hakifanani mia kwa mia, hata Herceptin yenyewe, ile trastuzumab ya kwanza ya ghali, bachi na bachi, yaani fungu moja la kiwandani na jingine, zinapishana kidogo. Ndo maana hii ya bei nafuu wanaiita baiosimila, inayofanana, na haipitishwi mpaka waonyeshe hako katofauti hakagusi uponyaji wala usalama.

WHO waliiweka trastuzumab kwenye dawa muhimu 2015, lakini bei ilikuwa wastani wa dola 20,000 kwa mwaka, nani angeziweza jamani? Desemba 2019 wakapitisha baiosimila yake ya kwanza, wakasema hizi kwa kawaida ziko chini kwa asilimia 65. Niliposoma hapo nikamkumbuka mama mdogo, naye HER2 yake ilikuwa pozitivu, yaani saratani yake ilikuwa na ile protini nyingi ambayo dawa hii inailenga, daktari akaandika dawa, tukaambiwa bei, tukarudi nyumbani na karatasi. Ile karatasi bado ninayo.

Kwa hiyo kesho nenda naye. Muulize nesi jina la dawa na namba ya bachi, aviandike kwenye faili, wewe piga picha chupa. Mkitumwa kununua nje iwe famasi iliyosajiliwa na itoke kwenye friji. Na eko ya moyo, kile kipimo cha kuona moyo unavyofanya kazi, msiiruke, maana ya ghali na ya nafuu zote zinaweza kuuchosha moyo.

Mama kashamaliza mizunguko 7 kati ya 18, asiishie hapo. Mwambie mwanao wa Mbagala anakuomba. Mkitoka tu nipigie.

Wako,
Neema