Risala ya Wanafunzi wa Mafia kwa Mgeni Rasmi: Vibali vya Utafiti wa Kasa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji, walimu, wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu, assalaam aleikum. Wakubwa wetu, shikamooni.

Kwa niaba ya wanachama wa klabu ya Malihai ya shule yetu, tunakukaribisha kisiwani Mafia katika maadhimisho haya ya Siku ya Kasa Duniani. Tunashukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na tunaomba ridhaa yako tuzungumzie jambo moja tu: vibali vya kutafiti kasa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kasa wa kijani hupanda kutaga kwenye fukwe za kisiwa jirani cha Juani zinazotazama bahari kuu, na ng'amba, kasa wa aina nyingine, hujitafutia chakula kwenye matumbawe yetu. Ng'amba bado yumo katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Kasa wa kijani aliondolewa kwenye kundi la walio hatarini kidunia mwezi Oktoba 2025, baada ya miongo mingi ya ulinzi. Tulifurahi sana. Lakini hesabu ya dunia nzima haimnasui kasa wa Mafia kwenye jarife, yaani wavu mkubwa wa kuvulia, na hatupendi habari hiyo njema iwe sababu ya kulegeza masharti.

Wapo wanaouliza: mtafiti anakuja kwa nia njema, kibali cha nini tena? Jibu tulilipata ufukweni. Kasa anayepanda usiku akimulikwa tochi nyeupe anaweza kugeuka akarudi majini bila kutaga. Yai likishakaa mchangani saa kadhaa, kijusi hujishika kwenye ganda, na ukiligeuza wakati huo unaweza kukiua. Kiota kimoja cha kasa wa kijani huwa na mayai mia moja na zaidi. Mkono usiojua, hata kama ni wa msomi, unaweza kuyaharibu yote kwa usiku mmoja. Kwa hiyo ni haki kabisa mtafiti apitie COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, apate idhini ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambayo imekuwapo tangu 1995, kisha apige hodi kwa serikali ya kijiji. Ni haki pia kwamba kipande cha ngozi ya kasa hakivuki mpaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hata kikiwa kinakwenda maabara.

Hata hivyo utafiti tunautaka. Bila utafiti tusingejua kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia ya kasa: kwenye nyuzi 29 hivi hutoka majike na madume, na mchanga ukizidi joto majike ndio huwa wengi. Wala tusingejua kwamba kasa waliovishwa mabamba ya namba Tongaland, Afrika Kusini, wamefika hadi maji ya Tanzania. Mvuvi anayekuta bamba kwenye pezi la kasa ameshika barua kutoka mbali, ilimradi awepo wa kumweleza aipeleke wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kibali cha utafiti hutolewa kwa mwaka mmoja, kisha kinaweza kuhuishwa. Jike la kasa wa kijani hutaga mara kadhaa katika msimu, halafu hupotea miaka miwili, mitatu au zaidi ndipo arudi. Kitoto kinachoingia majini leo, kikinusurika, kitakomaa baada ya miongo miwili au zaidi. Mtafiti aliyefunga mizigo kibali kilipokwisha hatakuwapo jike yule akirudi. Atakayekuwapo ni mlinzi wa viota wa Juani, anayetembea ufukweni alfajiri, akapima upana wa alama za kasa mchangani na kuandika tarehe kwenye daftari.

Wazee wetu wanatuambia wamewahi kuwapokea watafiti, wakawapeleka kwa mashua, wakawafundisha mikondo na bamvua, wakajibu madodoso yao, kisha wasisikie lolote. Hilo linatuuma. Anayeombwa aache jarife lake anastahili kuelezwa kilichogunduliwa katika maji anayovua.

Tunakuomba utufikishie ombi letu kwa wanaohusika. Sharti la kibali liwe hili: kabla hakijahuishwa, mtafiti asimame kwenye mkutano mkuu wa kijiji aeleze kwa Kiswahili alichokiona, na nakala ya takwimu zake ibaki ofisi ya kijiji na hapa shuleni. Awe pia na kijana wa kisiwani anayefundishwa kupima na kuandika, si kubeba mizigo tu. Na wanafunzi wa vyuo vyetu vya Tanzania wakiomba, wajibiwe kabla msimu wa kutaga haujapita, maana kasa hasubiri mtu.

Klabu yetu nayo ingependa kupima joto la mchanga karibu na viota, bila kugusa yai hata moja. Vipimajoto hatuna, na tochi za mwanga mwekundu hatuna. Tunaomba msaada wako. Tunajua hata sisi tunatakiwa kuomba ruhusa. Barua yetu ya maombi, iliyosainiwa na mwalimu mlezi na kugongwa muhuri wa kijiji, tunaikabidhi kwako pamoja na risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.