Safu ya Kiingereza ipunguze maneno, irekebishe sentensi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie safu ya maneno ya Kiingereza inayotoka kila siku: maneno 20, kila moja na maana yake kwa Kiswahili na sentensi ya mfano. Nia ni njema, lakini sentensi nyingi hazifundishi kitu.

Chukua "reluctant". Safu iliandika "mwenye kusita", kisha mfano: "He is a reluctant man." Hebu lifunike neno hilo kwa kidole. Pengo linalobaki linajazwa na "tall", "poor", "kind" au sifa nyingine yoyote. Sasa soma hii: "She was reluctant to give him her car because he had crashed two cars before." Funika tena. Hata asiyelijua neno ataona kuwa mwenye gari anasitasita, na sababu anaiona. Juu ya hayo ameokota jambo ambalo tafsiri ya Kiswahili haina pa kuliweka, kwamba baada ya "reluctant" huja "to" na kitenzi. Basi mwandaaji wa safu afunike kila neno kabla ya kupeleka kurasa mtamboni. Likibahatishika, sentensi ipite. Lisipobahatishika, iandikwe upya. Na katika sentensi hiyo pasiwe na neno jingine gumu, maana msomaji akikwama pawili hapati hata moja.

Maana nazo zina mtego wake. Kiswahili na Kiingereza havigawi mambo kwa mipaka ileile. Sisi husikia sauti, harufu, njaa na baridi. Mwanafunzi aliyeandika kwenye daftari "hear: kusikia" atasema "I hear a bad smell", na ukimsahihisha atakuonyesha gazeti. Kwetu dawa hunywewa, hata ikiwa kidonge. Kwa Kiingereza ni "take". Redio tunaifungua, wao "turn on". Mguu wetu mmoja ni "leg" na pia "foot". Tiba ni kuandika maana pamoja na mpaka wake: "hear: kusikia kwa masikio tu".

Linalonikera zaidi ni kufundisha maneno kwa jozi. "Borrow" na "lend" yalitoka siku moja, mstari juu ya mstari, yote mawili yakiwa na maana ya "kuazima". Kiswahili chenyewe kinaruhusu: mimi naazima kitabu kwake, naye ananiazima. Kwa hiyo tafsiri haikutenganisha chochote. Tena maneno yanayofanana maana yakiingia kichwani siku moja hugongana. Msomaji hukumbuka kuwa ni mawili, asikumbuke lipi ni lipi. Orodha za rangi kumi au za sehemu zote za mwili zinaleta shida hiyohiyo. Itangulie "borrow" peke yake, ikiwa na "from" yake: "I borrowed a pen from my sister and gave it back after the exam." Ikae wiki mbili hivi. Ndipo ije "lend" na "to".

Halafu hesabu. Neno halikai kwa kusomwa mara moja. Linahitaji kurudiwa jioni ileile, kesho yake, siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30. Hizo ni zamu sita. Mtu anayejifunza maneno 20 kila siku, baada ya mwezi atakuwa na maneno 120 ya kurudia kila siku, mbali na 20 mapya. Ataacha. Akichukua 6, marudio ni 36, kazi ya robo saa. Na kurudia maana yake ni kujiuliza: aone sentensi yenye pengo, aliandike neno bila kuchungulia, ndipo afunue. Anayepitisha macho tu kwenye orodha hujiona anajua kila kitu, kwa sababu jibu liko mbele yake.

Uchaguzi wa maneno pia uangaliwe. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000 yenye manufaa zaidi kwa anayejifunza Kiingereza, na hadi leo hakuna sababu ya kuyaruka. Safu inapenda "ubiquitous" na "serendipity", nadhani kwa kuwa yanapendeza kuyatamka, wakati msomaji wake bado anababaika na "although", "afford" na "avoid". Matamshi nayo yapewe maneno machache pale tu herufi zinapodanganya: "debt" haina sauti ya b, "receipt" haina ya p, "island" haina ya s.

Naomba safu ijaribu mpangilio kama huu:

"Avoid": kukwepa, kujiepusha na jambo usilolitaka. Hufuatwa na nomino, au kitenzi chenye -ing. "He took the back road to avoid the traffic." "I avoid driving at night because my eyes are weak." Kosa la kawaida: "avoid to drive". Zoezi: andika sentensi moja ya kweli kuhusu kitu unachokikwepa wewe.

Hiyo ni mistari michache tu. Mahali panapokaa maneno 20 ya sasa patatosha maneno sita ya namna hii, ambayo ndiyo kazi ya siku moja.

Mwalimu wa Kiingereza