Malalamiko Kuhusu Siku ya Kuvua Besi Ziwa Naivasha na Picha ya Mjomba Wangu

Shela, Malindi
26 Mei 2025

Kwa Meneja,
Ofisi ya Malindi

Ndugu Meneja,

MINT: SAFARI YA UVUVI YA TAREHE 10 MEI 2025 NA PICHA ILIYOBANDIKWA MLANGONI PENU

Asalam aleikum. Naandika kwa uchungu, na nakuomba barua hii uisome wewe mwenyewe, usimwachie karani.

Mimi ni nahodha wa boti ya kuvulisha wageni hapa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa 22 katika kazi hii. Kaskazi ikivuma tunatoka alfajiri kutafuta nduaro na jodari. Kusi ikishika, kama sasa, boti zinapandishwa pwani na sisi tunakaa. Wageni wangu wa Marekani, miaka nenda miaka rudi, hawaishi kunisimulia besi: samaki wa maji baridi mwenye mdomo mpana, ambaye kwao watu huamka usiku kumfuata ziwani. Nilipojua kwamba samaki huyo aliletwa Naivasha kutoka kwao mwaka 1929, na kwamba yumo hadi leo, nikaweka nia ya kwenda kumwona. Sikutaka kwenda peke yangu. Mjomba wangu ndiye aliyenipandisha chomboni nikiwa na miaka 11, akanifundisha kusoma maji na kufunga ndoana gizani kwa kupapasa. Ana miaka 74 sasa na hajawahi kuvua maji yasiyo na chumvi.

Niliilipa kampuni yenu ya safari shilingi 46,000 za watu wawili, pamoja na usafiri na malazi. Kwa mujibu wa risiti yenu, siku ya uvuvi peke yake ni 19,000. Karani wenu aliniahidi boti ya saa 12 asubuhi, kiongozi anayejua besi, vifaa vizuri na kibali cha kuvua.

Boti ilifika saa 4 na robo. Mteja asiyejua uvuvi angeona ni kuchelewa tu, lakini besi hula alfajiri na jioni; jua likipanda hujibanza kivulini, chini ya mafunjo na magogo. Kwa hiyo mliponichelewesha saa nne na zaidi, mlininyang'anya ile sehemu ya siku niliyoilipia. Ziwa lile liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi si ya mtu wa pwani. Mjomba alisimama pale ukingoni amejitanda kikoi mabegani, mikono kwapani, nami napiga namba ya ofisi yenu. Niliipiga mara tano. Haikupokewa.

Ndani ya boti tulikuwa watu watatu, jaketi za kuokolea maisha mbili, na moja ukanda wake umekatika ukaungwa kwa uzi wa nailoni. Mimi nikiondoa boti hivyo hapa Malindi nastahili kunyang'anywa leseni. Kibali cha kuvua nilikiulizia mara mbili, sikuonyeshwa.

Kijana aliyetuongoza simlaumu, na naomba asiadhibiwe kwa ajili ya barua hii. Alikuwa na adabu, alimwita mjomba "mzee" na kumshika mkono wakati wa kupanda. Alitupeleka upande wa kaskazini, Mto Malewa unakoingilia ziwani, akaanza kukokota chambo katikati ya maji ya matope. Sisi watu wa Malindi tunayajua hayo. Mto Sabaki ukifurika, bahari yetu hugeuka nyekundu, na samaki anayewinda kwa macho hatumpati tena karibu na pwani. Besi naye huwinda kwa macho. Na hakokotewi chambo kama nduaro. Hutupiwa pembezoni mwa majani, taratibu, mashine imezimwa. Nilipomuuliza kijana kama amewahi kuvulisha besi, alinijibu kweli: "Mimi huwapeleka watu kuona ndege na viboko. Jana usiku nimepigiwa simu nikaambiwa kesho kuna wavuvi." Mlichukua pesa zangu mkijua hamna mtu wa kazi hiyo.

Nikamwomba atupeleke kwenye maji safi kando ya mafunjo, mbali na viboko. Kwenye saa 6 hivi mjomba alitupa chambo mara ya nne au ya tano, na samaki akashika. Aliruka juu mzima mzima, mdomo wazi, anatikisa kichwa kama anayekataa jambo. Mjomba aliinamisha rodi kumzuia asiruke tena, na hakuna aliyemfundisha. Kisha mshipi ukakatika kwenye fundo. Mjomba akauvuta ule uliobaki, akaupitisha baina ya kucha mbili, akanipa niuguse. Ulikuwa umepauka kwa jua na unakwaruza kama mchanga. "Mshipi huu umekufa zamani," alisema, akakaa tezi, nyuma ya boti, bila neno lingine. Baadaye upepo wa mchana ukaanza kuchafua ziwa, tukarudi mikono mitupu.

Hayo yote, Ndugu Meneja, ningeyasema kwa mdomo ofisini kwenu na kuyaacha hapo. Lililonifanya nishike kalamu ni lililotokea tuliposhuka.

Mfanyakazi wenu alikuwa anatungoja ukingoni na simu ya kupigia picha, na samaki mkononi. Alikuwa besi, kilo moja na kitu. Macho yake yalishaingia ukungu, na nyuma ya matamvua kulikuwa na mstari wa wavu umekata magamba pande zote mbili. Alinunuliwa kwa wavuvi wa nyavu asubuhi ile. Mjomba alipopewa amshike aliuliza, "Nimshike wa nini, nami sikumvua?" Akajibiwa, "Ukumbusho tu, mzee." Mjomba ni mtu wa heshima, hapendi kumvunja mtoto wa mwenzake mbele za watu. Akamshika.

Tarehe 17 Mei picha hiyo ilikuwa mlangoni penu, kubwa kama dirisha, na kwenye ukurasa wenu wa intaneti pia, na chini yake maneno: "Mteja wetu na besi wake, Ziwa Naivasha." Hamkutuomba ruhusa. Besi wake! Mji huu mdogo, na mjomba anajulikana. Kwa miaka mingi, boti mbili zikigombania samaki aliyenaswa na ndoana mbili, yeye ndiye aliyeitwa kusema samaki ni wa nani, na akishasema watu huondoka. Sasa wakimpa hongera inabidi aeleze kuwa samaki si wake, na kijana mmoja, ambaye macho yake yameuona mstari wa wavu, alimuuliza mbele za watu amemnunua kwa bei gani. Alieleza siku tatu. Siku ya nne hakwenda barazani, na mpaka leo hajaenda.

Nadai picha hiyo ishushwe mlangoni na kwenye intaneti siku mtakayopata barua hii, na mahali pake pabandikwe maandishi, kwa Kiswahili, kwamba samaki yule hakuvuliwa na mzee huyu wala hakudai kumvua. Nadai nirudishiwe shilingi 19,000 za siku ya uvuvi. Gharama za usafiri na malazi sizidai, kwa sababu hizo mlizitimiza vizuri. Chumba kilikuwa safi na mwenye nyumba alitukirimu. Msipoishusha picha ndani ya siku saba, nitapeleka malalamiko haya mbele, pamoja na risiti na nakala ya picha yenyewe.

Pesa mnaweza kunitumia kwa namba iliyo kwenye risiti. Lakini radhi msiitume kwa simu. Nataka wewe Meneja uje umwombe mjomba mwenyewe, pale barazani anapokaa na wenzake, ili waliosikia lile swali wasikie na jibu. Ukija, nipitie kwangu kwanza nikamchukue nyumbani. Njoo baada ya Alasiri. Kabla ya hapo huwa amelala.

Wako,
Nahodha na mteja wenu, Shela, Malindi