Dada, Walipe Wasichana Kwanza

Kibuye, Kisumu

Dada yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Namshukuru Mungu kwamba watoto wamerudi shule na mama amepata nafuu ya miguu. Huku mvua imeshuka kwa nguvu, na wenzetu wa Nyando wameanza tena kuhangaika na maji, tuwakumbuke katika maombi. Sisi wa sokoni tuko salama.

Umeniuliza mtu afanye nini ili aishi maisha matakatifu. Unasema umefunga, unaenda kesha kila Ijumaa, umeacha kusuka nywele kwa sababu mhubiri mmoja alisema misuko inamzuia Roho, na bado moyoni huna amani. Unajiuliza kama Mungu amekuficha uso wake. Nimeliombea swali lako kabla ya kushika kalamu, na nitakujibu wazi, kwa kuwa mimi na wewe tangu tukiwa kwaya moja hatujawahi kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kufunga ni kuzuri, endelea. Kesha pia nenda, nguvu ukiwa nazo. Habari ya nywele naiacha, maana sioni kama ndipo Mungu anaposema nawe. Ila kuna mahali nadhani anasema, na wewe mwenyewe umepaandika. Katikati ya barua, baada ya kunieleza habari za ujenzi wa kanisa, umesema kwamba wale wasichana wawili wa hotelini kwako hawajapata mshahara wa mwezi uliopita kwa sababu pesa uliitoa kwenye harambee ya mabati. Halafu ukaendelea na bei ya unga. Mimi nilishindwa kuendelea, dada. Nilibaki palepale.

Chukua Biblia yako ufungue Walawi 19. Sura inaanza kwa Mungu kuwaambia Israeli wote wawe watakatifu kwa kuwa yeye ni mtakatifu. Hakumwambia kuhani peke yake. Aliambiwa mkulima na mama mwenye nyumba. Sasa soma anavyoufafanua huo utakatifu. Ukivuna shamba, usiimalize mipaka yake, mwachie maskini. Usimwekee kipofu kikwazo. Usizunguke ukichongea watu. Na katika mstari wa 13: “ujira wake aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi.” Usiku mmoja tu, dada! Na kwako umekaa mwezi mzima. Mwajiriwa wa siku hizo alikula alichokipata siku hiyo, na akirudi nyumbani mikono mitupu, watoto walilala njaa. Sidhani wasichana wa Nakuru wako tofauti sana. Mmoja wao umeniambia ana mtoto mdogo na amepanga chumba Rhonda. Mwenye nyumba wake hakusubiri mabati yapande.

Najua utakachosema, kwa maana nakujua. Utasema pesa haikuliwa, ilienda kwa Bwana. Hapo ndipo naomba unisikilize sana.

Kumbuka mfalme Sauli. Aliambiwa awapige Waamaleki asibakize kitu, akarudi na kondoo na ng'ombe walionona. Nabii Samweli alipomfikia, Sauli ndiye aliyetangulia kusalimu, akabariki kwa jina la Bwana na kusema amri ameitimiza. Samweli akamuuliza, basi hiki kilio cha kondoo masikioni mwangu ni cha nini? Mimi hapo huwa nasimama. Mdomo wa mtu unasema ametii, na nyuma yake zizi zima linalia. Na jibu lake Sauli ni jibu la dini kabisa, kwamba watu wamewabakiza walio bora ili wamtolee dhabihu “Bwana, Mungu wako”. Hakusema Mungu wangu. Alikuwa ameshasogea mbali, ingawa madhabahu bado aliitaka. Ndipo Samweli akamwambia kutii ni bora kuliko dhabihu. Tumelihubiri neno hilo mara nyingi mpaka tunalipita haraka, kama kwamba Mungu analinganisha vitu viwili vizuri na kuchagua kimoja. Katika habari ya Sauli ile dhabihu yenyewe ilikuwa mali ambayo hakuruhusiwa kuwa nayo. Hangeweza kumpa Mungu kitu alichokishika kwa kumwasi Mungu huyohuyo.

Bwana Yesu alilisema jambo hilihili kwa Mafarisayo, Marko 7. Mtu alikuwa na wazazi wa kutunza, akatamka kwamba mali yake ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, na baba na mama wakakosa. Yesu hakuwasifu kwa ukarimu wao hekaluni. Alisema wamelitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao.

Mshahara ule, ulipofika mwisho wa mwezi, haukuwa wako tena. Jasho lilikwisha kumwagika, masufuria yalikwisha kuoshwa, wateja walikula na kulipa. Uliyoitoa kwenye harambee ni pesa ya watoto wa watu. Sisemi hivi kukuumiza. Nasema kwa sababu unateseka kumtafuta Mungu kwa kukesha, na nadhani yeye amesimama pale jikoni kwako akikungoja.

Hapa sokoni jambo hili liko mbele ya macho yetu kila siku. Unalijua kopo la gorogoro. Likiwa zima linachukua karibu kilo 2 za mahindi, kwa hiyo gunia la kilo 90 linatoa gorogoro kama 45. Wako wanaolipiga kopo kwa chini, kitako kiingie ndani, na kwa nje mteja haoni kitu. Ukipunguza sehemu ya kumi tu kwa kila kopo, gunia lilelile linatoa gorogoro 50. Hizo 5 hazikulimwa na mtu yeyote. Zimetoka kwa mama anayenunua gorogoro moja ya kuwapikia watu sita. Mnunuzi akija, wa kopo lililobonyezwa huyapandisha mahindi juu kwa mkono kama mlima, na mama yule huondoka akishukuru kwamba ameongezwa.

Siku kubwa ya Kibuye ni Jumapili. Mimi Jumapili sifungui, ni jambo kati yangu na Bwana, na simhukumu mama mwenzangu anayefungua akiwa na karo ya kulipa. Lakini siwezi kuisoma Amosi 8 nikatulia. Wale wafanyabiashara wa Israeli waliishika sabato. Walifunga maduka. Ila muda wote wa ibada walikuwa wakiuliza sabato itaisha lini wapate kuuza nafaka, waipunguze efa, yaani kipimo chao cha nafaka, na kudanganya kwa mizani. Siku takatifu waliitunza, na kesho yake kopo lilikuwa limebonyezwa. Mungu akaapa kwamba hatayasahau matendo yao kamwe. Ninapoanza kupimia watu asubuhi, hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza: kopo hili liwe sawa mbele zako.

Nikuambie pia habari ya babu yangu mzaa mama, maana sijui kama niliwahi kukusimulia. Unajua ule uamsho wa miaka ya 1930 ulioanzia Gahini kule Rwanda, ukapita Uganda, ukafika kwetu, na mwaka 1938 ndugu wa uamsho huo wakawa na mkutano pale Maseno. Babu hakuokoka wakati huo, ilikuwa miaka mingi baadaye, lakini aliokokea katika ushirika wa ndugu haohao, waliokuwa wakisema tutembee nuruni na walimaanisha. Nyumbani kwake ni Vihiga, na unajua mashamba ya Vihiga yalivyobanana. Mpaka kati yake na nduguye ulikuwa mstari wa mikonge, na babu alikuwa ameupanda kwa kuingia upande wa pili, hatua chache tu, wakati nduguye akifanya kazi mbali.

Alipotoka kwenye mkutano hakwenda kutoa ushuhuda kwanza. Alimwita nduguye asubuhi, akachukua jembe, akaanza kung'oa mkonge mmoja mmoja. Mama yangu alikuwa msichana mdogo, ndiye aliyeshikishwa kamba ya kunyoosha mstari mpya. Anakumbuka miiba ilivyomchoma babu mikononi na hakutaka kusaidiwa. Bibi alilia, kwa sababu kile kipande kilikuwa na migomba yake, na baadhi ilikuwa na mikungu. Babu aliiacha migomba na mikungu yake ikaenda na ardhi. Ndugu yake, ambaye hakuwa hata akimsalimu, alikuja kula kwao jioni ileile, na baada ya muda akaokoka pia. Hakuna aliyemhubiria sana.

Huo ndio utakatifu nilioukuta nyumbani, dada, na ndiyo sababu siwezi kuuona kama kitu cha mavazi na sauti. Ni kumtii Mungu katika lile unalolijua tayari. Watu wengi wanamwomba Mungu awaonyeshe mapenzi yake makubwa, wito, huduma, safari, na lile dogo alilowaonyesha jana bado liko mezani halijaguswa. Kwa nini aseme jipya?

Usije ukadhani nakwambia ununue amani kwa kulipa mishahara. Hapana. Tumeokolewa kwa neema, na hata wasichana wako ukiwalipa mara nne kama Zakayo, damu ya Yesu ndiyo itakayokusafisha dhambi, si risiti. Lakini Zakayo mwenyewe hakulipa ndipo Yesu aingie nyumbani mwake. Yesu aliingia kwanza, Zakayo akiwa bado mdhulumu na mji mzima ukinung'unika, na furaha ile ndiyo iliyomfungua mkono. Na Paulo anawaambia Wafilipi kwamba ni Mungu atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Huenda huku kukosa amani kunakokusumbua ndiko kutaka kwenyewe. Angekuwa amekuacha, ungelala usingizi mzuri.

Sasa tufanye hivi. Umesema umebakisha sehemu ya ahadi yako kanisani na unaogopa majina yatasomwa Jumapili. Mwendee mchungaji kabla ya Jumapili, mwambie ukweli kwamba una deni la wafanyakazi na ahadi yako itachelewa. Akiwa mchungaji wa kweli atakuombea na kukupa nafasi. Wakilisoma jina lako, na walisome. Bwana mwenyewe, katika Mathayo 5, amesema ukileta sadaka na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka hapo mbele ya madhabahu uende kupatana kwanza. Sadaka inaweza kungoja. Kodi ya chumba cha Rhonda haingoji.

Ukiwalipa, usiwape kama msaada, wala usiwaambie Mungu amekutumia kuwabariki. Ni haki yao. Waite wote wawili, si mbele ya wateja, uwaambie umewachelewesha na unaomba msamaha. Najua ni vigumu kwa mwajiri kumwambia hivyo msichana wa miaka ishirini. Mwambie tu. Na yule mwenye mtoto muulize kama aliingia deni dukani kwa sababu yako. Kama lipo, lilipe na hilo.

Mimi nina magunia ya mahindi yaliyoingia kutoka Busia, nikiyauza nitakuwa na kitu kidogo. Kama pesa zako hazitoshi kuwalipa wote wawili wiki hii, niambie kiasi kilichopungua nikutumie kwa simu, utanirudishia polepole. Hizo usizipeleke harambee. Nipigie jioni baada ya saa moja, nikiwa nimefunga kibanda, usione haya.

Nisalimie mama na watoto wote.

Ni mimi dadako katika Kristo,
wa Kibuye