Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi Zetu na Sura ya Arusha

Ndugu wanachama, mafundi na wauzaji wa kazi za mikono,

Nawashukuru kwa kufika, hasa ninyi mliofunga vibanda vyenu siku ya biashara. Hesabu atazisoma mweka hazina, na suala la taka na ulinzi wa usiku katibu atalieleza. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja: mgeni anapoondoka Arusha, anaondoka akiijua Arusha ipi?

Wengi hulala usiku mmoja tu, na alfajiri gari linaelekea Tarangire, Manyara au Ngorongoro. Saa chache wanazobaki mjini wanazimalizia kwetu, kwenye vinyago, batiki na shanga. Tutake tusitake, kwa wageni wengi sisi ndio sura ya mji huu, kuliko hata Mnara wa Mwenge au Makumbusho ya Azimio la Arusha.

Basi tuseme ukweli kuhusu tunachouza. Uchongaji wa Kimakonde umetoka kusini, Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji. Picha za tingatinga zilianzia Dar es Salaam kwa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, aliyekuwa akipaka rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Hata shanga wanazotunga mama zetu wa Kimaasai na Kiarusha, nyingi ni za kioo kutoka Ucheki. Sioni aibu yoyote katika hilo. Mji wetu ulikua kando ya boma walilojenga Wajerumani mwaka 1900, reli ikaufikia mwaka 1929, na kila aliyefuata biashara alikuja na ufundi wa kwao. Kuchanganyika huko ndiko kulikoizaa Arusha tunayoiuza, na mgeni anastahili kusimuliwa hivyo badala ya kuambiwa kila kitu ni "cha asili ya hapa".

Kinachoniumiza ni kumficha fundi. Mwaka huu nilimsikia mgeni akiuliza nani amechonga kinyago alichoshika. Muuzaji akamjibu, "Ni Wamakonde." Nyuma ya pazia la kibanda hichohicho fundi mwenyewe alikuwa amekaa, tupa mkononi, vumbi la mpingo limemjaa hadi kwenye nyusi, anamalizia vidole vya kinyago kingine. Hakuna aliyemwita. Mgeni akaanza kuomba punguzo, na kwa nini asiombe? Kitu kisicho na mwenyewe hakina bei.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kila kazi iwe na kibandiko chenye jina la fundi, mahali ilipotengenezwa na aina ya mti au malighafi. Baadhi yenu mmeshaanza, na nawapongeza kwa dhati.

Hilo la mti nalitilia mkazo. Kuna miti laini inayopakwa dawa ya viatu na kuuzwa kama mpingo. Futa kwa kitambaa chenye maji, weusi unabaki kwenye kitambaa. Mpingo halisi ni mzito, ukiutia majini unazama, na huchukua miongo mingi kukomaa. Tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mgeni mwenye kinyago kimoja begini hana shida, maana kuna msamaha hadi kilo 10, lakini anayetuma shehena kubwa nje lazima awe na kibali. Mwenye oda kubwa amwone katibu kabla ya kufunga mzigo.

Kuhusu kamisheni za madereva wanaotuletea wageni, mazungumzo yanaendelea na bado hatujapata mwafaka. Msimamo wangu ni kwamba fundi asilipwe kidogo kuliko aliyemleta mteja.

Nawashukuru pia akina mama wa shanga waliojitolea kufundisha mabinti wakati wa masika, biashara ilipokuwa imelala. Nimewaona wakifumua mkufu mzima kwa sababu rangi moja ilikaa mahali pasipo pake. Mafunzo hayo yarudiwe mwakani, na wavulana nao wakaribishwe.

Pendekezo la vibandiko litapigiwa kura leo baada ya hesabu kusomwa. Wenye madeni ya ada wayamalize kabla ya Juni, wageni wa msimu hawajaanza kuingia.