Salamu za Pasaka, na ile habari ya tarehe sita

Tumsifu Yesu Kristo, jamani. Na wenzangu ambao kwenu salamu si hiyo, hamjambo nyote. Heri ya Pasaka! Heri kwa mliobanana kwenye matatu tangu Alhamisi mkielekea nyumbani kwa nauli iliyopandishwa ghafla, na heri kwetu tuliobaki Nairobi, tunaopata maji ya mfereji bila foleni kwa sababu nusu ya ploti imesafiri.

Nimetoka mkeshani sasa hivi. Mshumaa umebaki kipande, nta imenigandia kidoleni. Lakini kabla sijalala kuna deni nataka kulilipa, maana wiki mbili zilizopita nilisaidia kueneza uvumi.

Ilikuwa kwenye chama. Mmoja wetu alisema Wamormoni hawana Pasaka kama yetu. Wana yao, tarehe 6 Aprili kila mwaka, iwe Jumatano iwe Ijumaa. Mwingine akaongeza kwamba amepita hekalu lao hapa Nairobi, lile lililowekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025, akakuta lango limefungwa Jumapili mchana kweupe. Nikatikisa kichwa kama shahidi. Mke wa kakangu ni wa kanisa hilo, kwa hiyo wote walinitazama mimi kana kwamba ndiye mjuzi. Sikujua kitu. Tumekuwa mawifi miaka minane na sikuwahi kumuuliza.

Nimemuuliza leo mchana, tukichambua mchele wa pilau ya kesho. Alicheka hadi sinia ikamtetemeka mapajani. "Wifi, hiyo tarehe sita ni ya kuzaliwa, si ya kufufuka!"

Akanieleza polepole. Tarehe 6 Aprili 1830, nyumbani kwa mzee Peter Whitmer huko Fayette, jimbo la New York, Joseph Smith na wenzake waliunda kanisa ambalo kwa Kiswahili jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Katika maandiko yao, Mafundisho na Maagano sehemu ya 20 inaanza kwa kusema kanisa hilo liliinuka miaka 1830 tangu Bwana aje katika mwili. Wapo walioisoma sentensi hiyo kama cheti cha kuzaliwa: kama ni miaka 1830 kamili, basi Yesu alizaliwa tarehe 6 Aprili. Mtume wao James E. Talmage (mitume kwao ni viongozi wa juu wa kanisa) aliitetea hesabu hiyo mwaka 1915, na viongozi wengine baada yake wakaifuata. Mtume mwingine, Bruce R. McConkie, aliona suala hilo halina jibu la kukata. Na pamoja na mabishano hayo yote, Krismasi wanaila tarehe 25 Desemba kama sisi, na Pasaka ni Jumapili hii hii. Uvumi wetu ulichukua siku ya kuzaliwa ukaibandika kwenye kaburi tupu.

Mwaka 1980 mambo yaligongana kwelikweli. Pasaka yenyewe iliangukia tarehe 6 Aprili, kanisa lao likitimiza miaka 150, na rais wao wa wakati huo, Spencer W. Kimball, akahutubia waumini kutoka pale pale Fayette. Mtu akisikia hilo nusunusu, si ajabu akatoka nalo kama lilivyofika kwenye chama chetu.

Na lango? Hekalu kwao si mahali pa ibada ya Jumapili. Siku hiyo hufungwa, na watu huenda kwenye majengo ya kata zao, yaani makanisa yao ya mtaani, kupokea sakramenti, mkate na maji. Ila mwaka huu hata kata zimenyamaza, maana Pasaka ya tarehe 5 imeangukia wikendi ya Mkutano Mkuu wa kanisa lao lote, unaofanyika kila mwanzo wa Aprili na wa Oktoba, nao huufuata kwa matangazo badala ya kwenda kwenye kata. Kikao cha asubuhi kinaanza saa nne kule Salt Lake City. Kwetu huku ni saa moja jioni. Kwa hiyo kesho asubuhi sisi tukiwa kanisani na ngoma zetu, wifi atakuwa nyumbani anapiga pasi, na jirani atakayemwona atapata ushahidi mwingine.

Mwenyewe hakuficha: wao hawana Kwaresima wala Jumatano ya Majivu, hawaweki msalaba juu ya majengo yao, na kwa miaka mingi Pasaka ilikuwa ikipita kwao kimyakimya kuliko kwetu. Mwaka 2023 Urais wao wa Kwanza, yaani rais wa kanisa na washauri wake, ulielekeza kwamba Jumapili ya Pasaka iwe na ibada ya sakramenti tu, watu warudi nyumbani mapema wasome habari za ufufuko na familia. Yeye husoma Injili, kisha 3 Nefi mlango wa 11 katika Kitabu cha Mormoni, andiko lao jingine, pale Yesu mfufuka anapowaonyesha watu wa kale wa Amerika alama za misumari. Mimi Kitabu cha Mormoni sikiamini, naye anajua. Lakini sikutegemea kwamba ukurasa anaoufungua Pasaka ni wa majeraha.

Kuhusu kufunga, sina la kujivunia. Mimi nimejinyima nyama siku arobaini na chai ya maziwa sikuikosa hata asubuhi moja. Yeye hanywi chai ya majani mwaka mzima, na kila mwezi hufunga milo miwili, thamani yake akaitoa kwa maskini. Nilimchemshia tangawizi, nikanyamaza.

Kisha akanigeuzia kibao: "Na nyinyi, tarehe yenu mnaipataje?" Nikaangalia kalenda ya parokia ukutani. Hiyo ndiyo elimu yangu yote! Ikabidi tutafute pamoja. Mtaguso wa Nisea, ule mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waadhimishe siku moja, na hesabu iliyokuja kukubalika ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo Pasaka haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Mwaka huu mwezi ulipevuka Alhamisi Kuu. Waorthodoksi, pamoja na Waethiopia na Fasika yao, hutumia kalenda ya zamani, nao watasherehekea tarehe 12. Mimi niliyezoea kuwatania majirani Waislamu, mwezi umeandama au haujaandama, kumbe na mimi nala pilau kwa amri ya mwezi.

Nilipotoka mkeshani nimeutazama. Ulikuwa umechungulia kati ya mawingu ya mvua, umemeguka kidogo upande mmoja.

Basi kesho pilau itapakuliwa saa nane, ili saa moja jioni wifi awe ametulia mbele ya simu yake. Kile kikao kingine cha saa tano usiku atanisimulia, mimi nitakuwa nakoroma. Chama kinakutana Jumamosi ijayo, na nimeshaomba niwe msemaji wa kwanza.

Kristo amefufuka. Mle mshibe.