Kabla hujanunua dizeli, tuambie njia yako ya kila siku

Kila wiki anaingia mtu gereji kwetu na swali: "Fundi, nichukue dizeli au petroli?" Mara nyingi moyoni ameshaamua. Ana shemeji mwenye Land Cruiser mkonga, na shemeji kamhakikishia kwamba dizeli haifi.

Kwa gari lake, shemeji anasema kweli. Mkonga wake una injini ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake haisubiri amri ya kompyuta. Tumepokea zilizotembea zaidi ya kilomita 500,000 na silinda hedi haijawahi kuguswa. Tunazipenda injini hizi. Fundi wetu mkubwa huzitambua kwa mlio tu, gari likiwa bado getini.

Lakini sifa hiyo ni ya injini hiyo. Dizeli ndogo za Kijapani za miaka ya 2010 zinazoshuka bandarini siku hizi, zile za lita 2.2 zenye turbo mbili, hazikurithi uvumilivu ule. Zina nguvu, safari ndefu zinakula mafuta kidogo, na kwenye ekzosi zina chujio la masizi ambalo mafundi tunaliita DPF. Hapo ndipo penye kazi.

DPF hunasa masizi yasitoke hewani. Likikaribia kujaa, kompyuta huamuru dizeli ya ziada ipulizwe kwenye silinda, ikapandishe joto la ekzosi hadi nyuzi 600 hivi, masizi yaungue. Shughuli hiyo inataka gari litembee bila kukatizwa kwa dakika 15 hadi 20. Sasa wewe unatoka Sinza kwenda Posta: foleni Magomeni, foleni Jangwani, umefika, umezima gari. Chujio lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kujisafisha. Jioni ni hivyo hivyo.

Na ile dizeli ya ziada, isipoungua yote, huteremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Juzi dada mmoja alituletea gari taa ya DPF ikiwaka. Akatuambia kwa furaha kwamba oili yake haipungui hata kidogo. Tukachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, mbele yake: oili ilikuwa imevuka kiwango cha juu, imefika kwenye alama ya X, nyepesi kama chai ya rangi. Alipoinusa mwenyewe akasikia dizeli. Oili ya namna hiyo haiwezi kulinda turbo wala beringi za krenki. Tulimwaga oili kwanza, tukaweka mpya, ndipo tukachoma masizi kwa kutumia mashine. Ukianza kuchoma huku oili imeshachanganyika, unaiweka injini hatarini.

Wapo wanaoshauri chujio likatwe na kompyuta idanganywe. Sisi hatufanyi kazi hiyo, hata mteja akitoa hela nzuri. Moshi ule wanauvuta watoto waliosimama kituoni wakisubiri daladala.

Kwa hiyo tukikuuliza unakaa wapi na unafanya kazi wapi, tusikilize. Kama kila wiki unapanda Morogoro au Dodoma, dizeli itakufaa sana. Kama maisha yako ni kilomita 8 za foleni, chukua petroli, hata kama moyo wako uko kwenye dizeli.

Ukiwa tayari unayo, itoe mjini kila baada ya wiki mbili hivi, ifike hata Chalinze na kurudi. Taa ya DPF ikiwaka njiani, usizime, endelea kutembea. Oili iwe ya majivu kidogo, iliyoandikwa DL-1 au C3 kulingana na kitabu cha gari, kwa sababu majivu ya oili hayaungui kama masizi. Yanabaki ndani ya chujio mpaka lifunguliwe na kuoshwa. Na dizeli jaza kituoni, udai risiti. Dizeli ya madumu huenda imechakachuliwa, na nozeli za injini hizi hazisamehi.

Kukagua dipstiki kwetu ni bure, dakika 5 tu, huhitaji miadi. Ukishazima injini tunasubiri kidogo oili iteremke ili kipimo kiwe sahihi. Tunafungua saa 2, Jumatatu hadi Jumamosi.